Jalada Namba Kumi na Saba

Kibao bado kiko ukutani, ghorofa ya pili, Mtaa wa Rwagasore:
WAKILI, KAMISHNA WA VIAPO.
Hakuna aliyeniagiza nikibandue.
Miaka tisa nimekuwa karani hapa,
nikijua kwa mlio wa kiti chake
kama leo kuna mshahara.

Kamati ilikaa, ikanisikiliza,
ikaniuliza mara mbili kama mwandiko wa kwenye risiti ni wangu.
Nikasema ni wangu.
Nilisema nikitazama viatu vyake,
vile nilivyovipeleka kwa fundi mwezi wa tano
kwa hela ambayo sasa sijui ilikuwa ya nani.
Wakaandika: jina liondolewe daftarini.
Mstari mmoja. Basi.
Akakunja joho lake vizuri sana, kama mtu anayelirudisha dukani.

Leo Bi Nabwire amepanda ngazi,
harufu ya dagaa wa Mwaloni imemtangulia mlangoni.
Mkononi kopo la Blue Band,
ndani yake risiti zote, zimekunjwa ndogo kama hirizi:
za elfu hamsini, za thelathini,
moja ya elfu saba, siku mvua iliponyesha juu ya chanja.
Mwanawe aliacha vidole vitatu
kwenye mashine ya minofu, Igogo.
Kiwanda kililipa.
Meneja alimwambia mwenyewe, akishangaa kuulizwa:
"Mama, mbona tulishamaliza tangu mwaka juzi?"

"Wamemfukuza?"
"Wamemfuta, mama."
"Haya." Akakaa. Akaweka kopo mapajani.
"Na yangu?"

Nikaanza kumweleza, kwa sauti ile niliyoazima kwa bosi,
kwamba Kamati humtazama wakili,
pesa ina mlango wake, kuna polisi, kuna shauri la madai,
na shauri linataka wakili,
na wakili
(hapo nikaliona kopo, nikameza mate).

Nikahamia kwenye kanuni:
hela ya mteja hailali akaunti moja na hela ya wakili,
haikopwi, haiguswi, hata kwa usiku mmoja.

Akanikatisha.
"Jirani yangu akivuka kwenda Kome
huniachia chanja yake.
Dagaa nawageuza. Mawingu yakija nawafunika
kabla ya wangu. Korongo nawafukuza.
Siwauzi nikatia pesa kwenye kanga yangu
nikamwambia akirudi: njoo Jumatatu.
Nyinyi shuleni hamkufundishwa hilo?"

Tulifundishwa, mama. Lina kifungu.

Njoo Jumatatu.
Maneno hayo hakuyasema bosi hata siku moja.
Bosi alikuwa ndani, amefunga mlango.
Mimi ndiye niliyeyasema, Jumatatu baada ya Jumatatu,
miezi kumi na minne, nikitabasamu,
na karatasi ya benki imo kwenye droo ya goti langu la kulia.
Niliiona siku ilipoingia. Nikaona ilivyopungua.
Kwa makarani hakuna kamati.

Nikavuta sanduku la bati.
Majalada arobaini na moja, ya watu ambao bado hawajasikia:
wa Sengerema, wa Magu,
mmoja kule Ukara ambaye hana simu.
La kwake lilikuwa la kumi na saba, jembamba kuliko nilivyokumbuka.
Nikampa.

Hakulifungua. Alilipima kwa kiganja,
kama anavyopima sado kabla ya kubishana bei.
"Andika risiti," akasema.
"Mama, wewe ndiye unayepokea. Risiti ungeiandika wewe."
"Andika kwamba nimelichukua, na ndani yake kuna nini,
na kipi hakimo."

Nikaandika. Ya mwisho ilichukua muda mrefu:
nilitafuta neno laini, sikulipata,
nikaandika kiasi chenyewe, kwa tarakimu na kwa maneno,
nikatia sahihi jina langu lote matatu.

Akaishika karatasi juu chini, akanirudishia.
"Isome. Kwa sauti."
Nikaisoma. Chini mtaani muuza maji alikuwa akigonga chupa.
Akatazama mdomo wangu mpaka nikamaliza.

"Tena," akasema.